Miaka 19 kwa vitabu sita si uvivu

Bwana Mhariri,

Assalaam alaykum. Mwezi uliopita mlichapisha makala ya kuwahimiza vijana wasome vitabu 50 kwa mwaka. Mwandishi alifundisha namna ya kupitisha jicho katikati ya ukurasa bila kuyatamka maneno moyoni, akaeleza sura za kuruka, kisha akasema anayekaa na kitabu kimoja zaidi ya wiki mbili hapendi kusoma, anajidanganya tu. Gazeti lilinifika hapa Shela, kisiwani Lamu, baada ya siku mbili, ndani ya kikapu cha mpwa wangu aliyevuka kutoka Mokowe, upande wa bara. Nimeisoma makala hiyo mara tatu. Iliniuma, na nimekaa siku nyingi nikitafuta namna ya kujibu kwa adabu.

Mimi nimesoma vitabu sita kwa miaka 19. Nilianza mwaka 2004, nikafunga ukurasa wa mwisho mwaka 2023. Vitabu vyenyewe ni msururu mmoja, vimeandikwa na Mmarekani aitwaye Frank Herbert. Cha kwanza kilitoka mwaka 1965 na kinaitwa Dune, yaani mlima wa mchanga unaotembezwa na upepo. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi: mambo yanatokea maelfu ya miaka mbele yetu, kwenye sayari iitwayo Arrakis, ambayo yote ni jangwa na tone la maji ni mali.

Kwa miaka 30, tangu 1989 hadi nilipostaafu 2019, kazi yangu ilikuwa pampu za maji. Asiyekijua kisiwa chetu huiona ile milima ya mchanga ya Shela akadhani ni mahali pa kupigia picha. Chini ya mchanga huo ndiko yaliko maji tunayokunywa mji wa Lamu. Mvua ikinyesha, mchanga huyanywa papo hapo, yakashuka taratibu mpaka yakakaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari. Yamelala hapo kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiyavuta kwa pupa, chumvi hupanda, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi haraka kuwa kitamu. Kwa hiyo mtu wa pampu huvuta saa kadhaa, akazima, akakiacha kisima kipumue. Usiku mota ikizimwa hakuna sauti ila upepo na mawimbi ya ng'ambo ya mchanga. Unakaa na taa yako unangoja.

Katika kungoja huko ndipo nilipokutana na kitabu. Marehemu mke wangu alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni. Mgeni mmoja aliondoka akakiacha, kimelowa maji ya bahari, kurasa zimevimba, jalada halipo. Mke wangu alikileta nyumbani kwa ajili ya kuwashia jiko. Nikakifungua kabla hakijafika motoni, nikakuta pale mbele kabisa mwandishi amekitunuku kwa wanaikolojia wa nchi kavu, popote walipo na zama zozote wanazofanya kazi. Neno "ecologist" nililijua, kwa sababu walikuja watafiti kupima visima vyetu na ndivyo walivyojiita. Nikamwambia mke wangu, hiki hakichomwi, hiki kimeandikiwa watu wa mchanga na maji.

Kiingereza changu ni cha kidato cha pili. Nilikuwa na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, ile ya mwaka 1996, na daftari la mistari. Ukurasa wa kwanza ulinichukua usiku tatu. Kijana wa miaka 15, Paul, anaambiwa na bibi kizee atie mkono kwenye sanduku lenye maumivu, na shingoni amewekewa sindano yenye sumu. Akiutoa mkono, afe. Sindano hiyo inaitwa "gom jabbar". Nikasimama hapo. Jabbar? Mimi nimesoma chuo cha Kurani tangu nina miaka mitano, na Al-Jabbar ni katika majina ya Mwenyezi Mungu. Mmarekani huyu amelitoa wapi neno hili?

Baada ya miezi miwili nikagundua kuwa mwisho wa kitabu mna faharasa ya maneno ya dunia ile. Bwana Mhariri, niliisoma faharasa hiyo nikasahau kuwasha pampu. Mna baraka, karama, adab, ilm, fiqh, kiswa, umma, naib, mahdi, taqwa, shaitan, Ramadhan. Jamaa wa jangwani, Fremen, wanamwita yule mnyoo mkubwa wa mchangani Shai-Hulud, na mwenye kusoma "khalidina fiha" tangu utotoni hahitaji kamusi ajue kuwa hulud ni umilele. Yule kijana anapokubaliwa na Fremen anapewa jina la Usul, neno ambalo kwetu ni asili na misingi. Kisha anachagua mwenyewe kuitwa Muad'Dib, jina la panya mdogo wa jangwani, nalo kwa Kiarabu ni mfunza adabu. Katika kitabu cha pili anazaliwa mtoto wa kike akaitwa Ghanima. Mama muuza samaki hapa Shela ataelewa jina hilo bila kufafanuliwa.

Mwanzoni baadhi ya maana zilinikera. Baraka amemfanya mtu, walii aliye hai mwenye uwezo wa ajabu. Taqwa ameandika kuwa ni bei ya uhuru. Nilifunga kitabu kwa hasira, nikakaa nacho hivyo karibu mwezi. Halafu nikafikiri: watu hawa, kwa mujibu wa hadithi, wamehamishwa sayari hadi sayari kwa maelfu ya miaka. Neno likisafiri umbali huo haliwezi kufika na nguo zile zile. Sisi hapa twasema mtanga na Bara wanasema mchanga, twasema mai na wao maji, nasi tumetenganishwa na mwendo wa basi tu. Yule bwana alikuwa amefikiri kuhusu lugha kuliko nilivyofikiri mimi mwenye lugha. Kama ningesoma kwa kupitisha jicho katikati ya ukurasa, ningekipita hicho bila kukiona.

Sikusoma peke yangu kwa muda mrefu. Baada ya isha tulikuwa na baraza yetu, watu watano au sita: nahodha mstaafu, fundi wa kuchonga milango, mwenye punda wa kubeba maji, mwalimu wa chuo, na mimi. Nikawa nawasimulia ukurasa niliousoma jana yake. Yule mwenye punda ndiye aliyenishika. Alitaka kujua kila kitu kuhusu lile vazi linalokusanya jasho na pumzi ya mtu na kumrudishia maji ya kunywa, mpaka mtu apoteze tone dogo tu kwa siku. Yeye alikuwa akibeba mitungi ya lita 20 kupanda vichochoro kutwa nzima na akijua jasho linavyomtoka. Vazi hilo tukaliita kanzu ya jasho. Mitambo ya Fremen ya kunasa unyevu hewani fundi wetu aliipa jina la mtego wa umande. Kisu chao cha jino la mnyoo kikawa jambia ya jino. Kile chombo cha kugonga mchanga ili kumwita mnyoo, nahodha alisema huo ni mchi, na haukupata jina jingine. Maneno haya yote niliyaandika kwenye daftari.

Tulikaa wiki nzima kwenye jambo moja. Katika kitabu kile mtu akifa, maji ya mwili wake yanatolewa, yanakuwa mali ya kabila. Mwenye punda aliona ni ukatili usiosemeka. Sisi tunamwaga maji kumwosha maiti wetu, wao wanamnyang'anya! Mwalimu wa chuo alinyamaza siku mbili kisha akatukumbusha tayamamu, kwamba dini yetu yenyewe imemwekea asiye na maji njia ya mchanga, na maiti pia, maji ya kumwosha yakikosekana, hutayamamishwa. Hakusema kwamba Fremen wako sawa. Alisema tu kwamba ukosefu wa maji huwafunza watu sheria zao, na kwamba tusiwahukumu kabla hatujafika mwisho. Siku nyingine niliwasomea pale kijana Paul anapomlilia Jamis, mtu aliyemuua mwenyewe katika mapigano ya kulazimishwa, na Fremen wanashangaa, wanagusana na kunong'ona kuwa huyu anampa maiti maji. Chozi ni maji. Hakuna aliyezungumza barazani. Mimi nilikumbuka jinsi bibi yangu alivyotuosha uso watoto wanne kwa kata moja ya maji kutoka kwenye jabia, kiangazi, na yaliyobaki akamwagia mmea wa asumini.

Na Bwana wa Atreides, babake Paul, alipouawa kwa kusalitiwa na tabibu wake mwenyewe, nahodha hakuja barazani siku saba.

Kitabu cha kwanza kilichukua miaka minne. Cha tatu kilinifikia kabla ya cha pili, kutoka kwa wauza vitabu vya mitumba vya kandokando ya njia Mombasa, nikakifungia kwenye kasha hadi 2009, cha pili kilipopatikana. Hicho cha pili, cha mwaka 1969, ni kifupi na ni kichungu. Paul ameshinda, ni mtawala wa ulimwengu, na kwa jina lake wameuawa watu bilioni 61. Yeye mwenyewe anaitaja hesabu hiyo. Tulikuwa tumempenda, tumemshangilia pale mwishoni mwa kitabu cha kwanza, na sasa mwandishi anatushika mkono anatuonyesha tulichokuwa tukikishangilia. Tena tangu kitabu cha kwanza alishatufichulia kuwa unabii wote wa kumngoja mkombozi ulipandwa zamani na Bene Gesserit, chama cha wanawake wenye mbinu za siri, ili siku moja uwafae. Nilihofu mwalimu wa chuo angetukataza tusiendelee. Akasema kinyume: kitabu kinachowaonya watu wasimfuate mwanadamu kwa kumfanya zaidi ya mwanadamu, yeye hana ugomvi nacho.

Cha tatu nitakipita. Kina mambo mengi ya fitina za jamaa wa kifalme na sikukipenda sana, ila pale maji yanapoanza kuwa mengi Arrakis na vijana wa Fremen wanaona aibu kuvaa kanzu za jasho. Cha nne ndicho kilichonisimamisha.

Cha nne kilitoka mwaka 1981. Imepita miaka 3,500. Mwana wa Paul amejigeuza nusu mtu nusu mnyoo na bado anatawala. Jangwa limekwisha, Arrakis ina misitu na mto, na kimebakizwa kipande kimoja tu cha mchanga. Fremen wapo, lakini ni Fremen wa makumbusho. Wanavaa kama mababu zao, wanasema maneno ya mababu zao, wanafanya ibada zao mbele ya wageni, na hawajui tena maana ya lolote.

Nilisoma hayo mwaka 2015. Wiki ile ile nilialikwa harusi iliyofanyiwa hotelini, na vijana wetu walicheza kirumbizi mbele ya wageni, fimbo zinagongana vizuri, kanzu zimepigwa pasi. Walipopumzika kijana mmoja akaja kunisalimu, akaniuliza: baba, hii kirumbizi asili yake nini? Nikafungua mdomo. Nikakuta sina la kumwambia. Mimi, mzaliwa wa hapa, niliyeona wazee wakiicheza uwanjani.

Sisemi haya kuulaumu utalii, maana umenilishia watoto, wala sisemi kuulaumu Urithi wa Dunia wa UNESCO ulioandikiwa mji wetu mwaka 2001. Bila huo majumba mengi ya mawe yangekuwa yameshabomolewa. Lakini usiku ule sikuweza kuendelea na kitabu. Nyumbani nilikuwa na sanduku la babu yangu lenye karatasi za tendi zilizoandikwa kwa harufi za Kiarabu. Nilikuwa nimelihifadhi kwa heshima miaka yote bila kulisoma, kama wale Fremen. Nikamfungia Herbert kwenye kasha, nikamwendea mzee mmoja wa Langoni anayejua kusoma maandishi hayo, na kwa miaka mitatu, kila Jumatano na Ijumaa, tukasoma sanduku la babu. Ndani yake mlikuwa na nakala ya Inkishafi. Pale inapotaja majumba ya Pate yaliyobaki mahame, niliona nimeshasoma kitu cha jamaa yake mahali fulani, tena kwa Kiingereza. Nilirudi kwa kitabu cha nne mwaka 2018, nikakimaliza 2019, mwaka niliostaafu, na safari hii nilikuwa na haki ya kukisoma.

Kwa hesabu ya mwandishi wenu, miaka hiyo mitatu ni miaka ambayo sikusoma hata kitabu kimoja.

Tena nimwambie kwamba kusoma polepole si jambo geni huku. Utendi wa Tambuka, wa Bwana Mwengo wa Pate, una beti zaidi ya elfu. Watu hawakukusanyika kuumaliza kwa usiku mmoja. Darsa za msikitini zinasomwa mstari kwa mstari. Sheikh anasoma, anasimama, anafafanua neno, anajibu swali la mtoto, adhana inaadhiniwa, kitabu kinafungwa. Kitabu kimoja huchukua miaka, na sijapata kumsikia mtu akimuuliza sheikh umemaliza vingapi mwaka huu.

Cha tano nilikisoma wakati wa korona, baraza imevunjwa, tumekatazwa kukaa pamoja. Jangwa limerudi Arrakis, wanyoo wamerudi, na mtoto wa kike anaweza kuzungumza nao. Nilikuwa nasoma kwa sauti dirishani ili nahodha, jirani yangu, asikie kutoka barazani kwake. Alifariki kabla hatujafika nusu. Mwaka 2021 akafariki mke wangu.

Cha sita sikukigusa mpaka mwaka uliofuata. Sikujua kilichokuwa kikiningoja mwisho wake. Hadithi ikishakwisha, tena imekwisha katikati ya safari bila kufungwa, Herbert ameandika kurasa kadhaa kuhusu mke wake, Beverly. Walioana mwaka 1946. Alifariki mwaka 1984, na kitabu kikatoka 1985, na mwandishi mwenyewe akafariki mwezi Februari 1986. Katika kurasa hizo hakuna sayari wala mnyoo. Kuna mume anayeeleza jinsi mkewe alivyokuwa, na jinsi alivyomsaidia kuandika. Nilizisoma kwa muda wa Ramadhani nzima, sentensi chache kila siku baada ya futari, kwa sababu sikutaka zishe. Mke wangu ndiye aliyekinusuru kitabu cha kwanza na maji ya bahari, ingawa alikileta kwa ajili ya jiko.

Najua mtoto wa Herbert na mwenzake wameandika vitabu vingine vingi vya kuendeleza hadithi. Mpwa wangu aliniletea kimoja. Nilimshukuru nikakirudisha. Mwandishi wangu ameacha mlango wazi, nami nauacha hivyo hivyo.

Sasa vijana wa Shela wameona filamu, ile ya mwaka 2021 na ile ya 2024. Wananisimamisha njiani: mzee, wewe si ndiwe uliyekuwa ukiisimulia? Wanataka kujua yatakayofuata. Hawataki kusoma kurasa mia kadhaa za Kiingereza kigumu, na siwalaumu. Lakini nikikaa nao jioni moja nikawapa kipande kwa Kiswahili, wanarudi kesho yake na wenzao. Wiki iliyopita walikuwa kumi na wawili.

Hapo ndipo penye ombi langu. Hadithi ya Dune haikuzaliwa ikiwa kitabu. Ilitoka kwanza kwa vipande kwenye jarida la Analog: vipande vitatu kuanzia Desemba 1963 hadi Februari 1964, na vitano kuanzia Januari hadi Mei 1965. Wasomaji wa kwanza kabisa walisoma kama tulivyosoma sisi barazani, kipande, kisha kungoja. Baadaye wachapishaji wapatao 20 waliikataa, na aliyeikubali ni Chilton, kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya kufundishia kutengeneza magari. Bila jarida lile huenda tusingekuwa nayo.

Ninyi mna kurasa. Toeni ukurasa mmoja kila wiki kwa hadithi ya kisayansi kwa Kiswahili, kipande kwa kipande. Kama ni tafsiri, ombeni ruhusa ya wenye haki. Kama ni hadithi mpya, itisheni kwa vijana. Wapo wanaoandika na hawana pa kupeleka. Asiseme mtu kwamba mambo ya roketi na sayari si ya lugha yetu. Marehemu Katama Mkangi, mtu wa Pwani hii hii, alimrusha mhusika wake hadi nchi ya Walenisi katika riwaya ya mwaka 1995, na jina lenyewe la nchi hiyo ukilivunja linasema wale ni sisi. Njia ilishakatwa, imeota majani tu.

Na vijana wetu wanazihitaji hadithi hizi kuliko wa kwingineko. Herbert alipata wazo lake Oregon, kwenye mchanga wa pwani ya Florence, alipokwenda miaka ya 1950 kuangalia jinsi serikali ya Marekani ilivyokuwa ikipanda majani kuuzuia mchanga usifukie barabara na nyumba. Majani yale yalifaulu kupita kiasi. Siku hizi watu wa huko huko wanayang'oa, maana mchanga wenyewe ulikuwa unatoweka. Na katika hadithi, maji yanayosubiriwa na Fremen kwa vizazi ndiyo sumu ya mnyoo, na mnyoo ndiye anayezaa kile kiungo chenye harufu ya mdalasini ambacho dunia zote zinakipigania. Ukigusa kimoja, kingine kinajibu. Nimejaribu kulieleza hilo kwenye mikutano ya kijiji pale tunapozungumzia viwanja na kuta zinazopanda kwenye mchanga wetu wa Shela mwaka baada ya mwaka. Nikisema maji yako chini ya hapa, watu wananitikia kwa adabu na kuangalia saa. Nikiwasimulia Arrakis kwanza, ndipo wanauliza: na sisi je, mvua ikianguka juu ya sakafu ya saruji, itashukaje?

Mimi nimeshaanza upya kitabu cha kwanza. Kurasa zake zimekuwa laini kama kitambaa na mpwa wangu amenishonea jalada la turubai. Nakwenda polepole kuliko mara ya kwanza.

Nina daftari saba za maneno. Kanzu ya jasho imo, mtego wa umande umo, mchi umo, na kando ya kila neno nimeandika nani wa baraza aliyelitoa, maana watatu kati yao hawapo tena. Atakayepewa kazi ya kutafsiri, au kijana atakayeandika hadithi yake mwenyewe akakosa jina la kitu, nitampa azinakili. Daftari la nne limelowa kona moja lakini linasomeka. Mpwa wangu huvuka kwenda Mokowe kila Alhamisi. Mkinijibu kupitia ukurasa huu, atazibeba.

Mtu wa pampu, mstaafu
Shela, Lamu